Jiwe la Mélanie na Tela la Mia Saba na Hamsini

Mélanie aliingia Ujiji mwaka sabini na mbili, bado msichana, amevuka ziwa na mama yake wakikimbia mauaji ya kwao Burundi. Walikuwa na furushi la nguo na jiwe la kusagia, lile ambalo wao wanaliita urusyo, na sisi Waha vilevile. Wenye mtumbwi walitaka kulitupa jiwe majini, mtumbwi ulikuwa umezama hadi ukingoni. Yule mama akawaambia wamtupe yeye kwanza. Wakaona aibu, wakapiga kasia.

Niliwapa chumba kwangu Buzebazeba. Mama mtu hakukaa sana, akafariki, akabaki binti na jiwe lake. Akajifunza kupika sabuni ya mawese, hii magwanji yetu, akawa fundi kuliko waliomfundisha. Msemaji hakuwa. Ukimtukana anakutazama tu mpaka unasahau ulikuwa unatukana nini. Lakini jiwe lile usilikalie. Mtoto wangu Leonia alilikalia siku moja, akainuliwa kwa sikio.

Basi mwaka wa tisini na nne Warundi walikuwa wamejaa tena, kambi zimefunguliwa upande wa Kasulu, na utingo wa lori akaleta salamu. Kuna mtu kambini anaitwa Egide, anamtafuta dada yake Mélanie. Huyo ni kaka yake waliyepoteana naye porini siku ile ya kukimbia. Mélanie alikaa chini palepale kwenye majivu ya sabuni.

Utingo akasema, "Lakini anasema uje na jiwe la mama. Watu wamekwisha kumjia wawili wakijiita dada yake, wakala posho yake wakaondoka. Sura yako haijui tena. Jiwe analijua, alilivunja pembe mwenyewe akiwa mdogo, akachapwa."

Mkiniuliza, nitasema: ndiyo maana lile jiwe halikuwa mzigo. Lilikuwa uso wake.

Akaamua kuhamia Kasulu mjini, awe karibu na kaka yake, auze sabuni magulioni. Nyumba huko hana. Nikamwambia, kwa Hamdani pale Mwanga kuna matela mawili yaliyoachwa na wajenzi wa barabara, moja ni nyumba kabisa, utalala humo. Mtoto wa marehemu mdogo wangu, Feliksi, ana Landrova, atalivuta.

Tukaenda watatu. Tela moja lilikuwa tupu, sanduku la mabati na magurudumu mawili. La pili, Mana yanje, Mungu wangu! Kitanda, kabati la milango minne, meza ya kukunja, tangi la maji na bomba lake. Yote mawili yana kibao, na herufi zinanipiga chenga lakini namba nazisoma vizuri: 750 hapa, 750 kule. Hili la nyumba lilikuwa na namba nyingine chini, 590.

"Hiyo ya chini ni uzito wake lenyewe," Hamdani akasema.

Feliksi akakuna kichwa. "Mama mkubwa, mia saba na hamsini ni pamoja na tela. Ukitoa mia tano tisini, mzigo unaobaki ni mdogo sana. Achukue lile tupu."

"Tela libebe tela?" nikamuuliza. "Wewe umeona wapi punda akajipanda mwenyewe?"

"Sikiliza, mama mkubwa..."

"Usinifundishe mizani! Nimeuza dagaa sokoni Kibirizi kabla mama yako hajajua kuvaa viatu. Pale kikapu kinapimwa kwanza, kinatolewa, ndipo inatajwa kilo. Hakuna anayetaja kilo za kikapu. Kibao kimetaja mia saba na hamsini, basi kikapu kimekwisha kutolewa."

Hamdani akacheka. "Bi mkubwa, kibao hiki hakikuandikwa Kibirizi."

Akasema kwamba kubwa linabeba kidogo, na dogo linabeba kikubwa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Haikusaidia. Mélanie alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama kile kitanda. Akachukua la kitanda. Hamdani naye kwa wema wake akajaza lile tangi mpaka juu, eti mama asipate kiu njiani.

Tulipakia gunia la mahindi, madebe sita ya mawese, sufuria kubwa la sabuni, na jiwe chini ya kitanda. Hata mia tatu hatukufika, kwa hesabu yoyote ya mwenye akili. Mwandiga tukapita watu wakitupungia mikono kama arusi. Kufika Kidahwe, kwenye korongo, tela likalia kwaa! likalala upande. Springi imepasuka.

Feliksi akashuka, akachungulia chini. "Nilisema."

"Ulisema nini? Mia saba na hamsini bado iko mbali!"

"Imepitwa tangu Mwanga, mama mkubwa."

Watu wa Kidahwe wakajaa, wakasaidia kushusha. Jiwe lilipotoka, mama mmoja akashika kiuno. "Yoo, mnapeleka jiwe Kasulu? Kasulu si milima mitupu, mtu akijikwaa anajikwaa kwenye jiwe! Liacheni hapa nisagie ulezi."

Wote wakacheka. Feliksi akamwambia Mélanie kwa upole kwamba springi ataifunga kwa gogo na mpira wa tairi, lakini lazima uzito upungue sana. Jiwe libaki kwa huyu mama, atalifuata siku nyingine. Mimi nikarudi kukitazama kile kibao. Tela lile lile, kibao kile kile, njia haijafika nusu.

Mélanie akauliza, "Kitanda nacho kinapimwa?"

"Kinapimwa."

"Hata kama kilikuwemo kabla yangu?"

"Hata msumari, dada. Hata yale maji."

Mélanie akalifuata tangi. Alifungua bomba, maji yakamwagika yote barabarani, watoto wakaruka ndani ya matope. Akaingia na shoka la Feliksi. Tukasikia kwa! kwa! Kitanda kikatoka mlangoni vipande vipande, ikatoka meza, likatoka tangi. Kabati alilitoa zima. Tela likabaki kuta na paa. Akarudisha mawese, akarudisha gunia, sufuria, na jiwe akaliweka katikati, juu ya ekseli, akalifunika kwa kanga yake. Tela likaondoka likichechemea, na halikulala tena.

Kambini, Egide alitokea amekonda, ameshika fimbo. Dada hakumsogelea. Alifunua kanga tu. Yule mwanamume alipitisha kidole kwenye pembe iliyovunjika, kule na huku, kisha akasema kwa Kirundi, "Nilichapwa sana siku ile," na hapo ndipo wakashikana.

Mélanie alilala sakafuni mwa lile tela mvua mbili, mpaka akajenga. Kabati ninalo mimi, Feliksi aliliokota Kidahwe tukirudi. Nikilisogeza kufagia naliona zito kweli. Lakini bado nauliza, na hakuna aliyenijibu nikaridhika: kama kibao kilisema mia saba na hamsini, kwa nini kilimhesabia mtu kabati ambalo hakulipakia?