Wivu Wangu kwa Msichana wa Ayalandi

Mwaka wenyewe naukumbuka kwa tumbo. Ni ule mwaka unga wa muhogo ulipoadimika maduka yote ya mtaa wa Rinkeby, huku Uswidi, tukasonga ugali wa semolina, ule unga ambao Waswidi wanawapikia watoto wao uji. Unang'aa kama gundi, na ukipoa unatetemeka sahanini. Tulikula hivyo tangu theluji mpaka majani yakarudi mitini. Mjukuu wangu alikuwa na miaka kumi na sita, na kila akitoka shule alikuja kwangu, mtaa jirani wa Tensta, kwa sababu kwa mama yake kuna wadogo zake na kelele zao.

Wacha nimsifu kwanza, ni wangu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, tena hilo la tatu lenyewe nilikaa nusu. Yeye anasoma vitabu vinene kama tofali na anavimaliza kama mtu anayetafuna karanga. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama Mkongo, ana wajukuu sita na hakuna hata mmoja anayeshika kitabu asipolazimishwa. Nilikuwa namkumbusha kila tukikutana kwenye lifti.

Basi mwalimu akawapa kazi: kila mwanafunzi amsomee riwaya mtu wa nyumbani, kisha aandike msikilizaji wake alisema nini. Mjukuu wangu akanichagua mimi. Alikaa mezani jikoni, anasoma Kiswidi kimoyomoyo, halafu ananigeuzia kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, na mimi huku nachambua mboga.

Kilikuwa kitabu cha Ayalandi. Msichana wa miaka minane, kijiji cha mvua na ng'ombe. Kaka yake anatolewa nje na watu waliofunika nyuso, anapigwa risasi barabarani. Msichana anakua, anaolewa, anazeeka, lakini gari likisimama nje ya nyumba yake anazima taa na kukaa sakafuni.

Mjukuu wangu akainua macho. "Mormor," akasema. Ndivyo anavyoniita, mama wa mama kwa Kiswidi. "Huyu ni kama wewe na viatu vyako."

Hapa kila mtu anavua viatu mlangoni na kuviacha hapo. Mimi vyangu naingia navyo mpaka chumbani, navipanga kando ya kitanda, ncha zikiangalia mlango. Nyumba nzima wamenicheka miaka yote. Wanasema mormor ana safari.

Niliendelea na mboga zangu. Kijicho kilikuwa bado hakijanishika. Kilinishika alipofika kwenye matanga.

Kumbe kule Ayalandi maiti huletwa nyumbani. Jeneza likawekwa sebuleni, wazi. Wakafunika kioo, wakasimamisha saa. Majirani wakaja na mikate ya mayai, chai haikatiki, watu wanasimulia vituko vya marehemu mpaka wanacheka palepale mbele yake. Kisha baba akamwinua yule msichana, naye msichana akamgusa kaka yake kwenye paji la uso. Baridi kama chupa ya maziwa iliyolala nje.

Mjukuu wangu akaanza kulia. Kulia kweli, mpaka kamasi. Nikamtazama. Nimembeba mgongoni kwenye theluji, nimemtafunia nyama kabla hajaota meno, na kwa ajili yangu hajawahi kutoa chozi. Leo anamlilia mtoto wa wino ambaye hata hakuzaliwa!

"Ana bahati, huyo," nikasema.

"Bahati? Mormor! Kaka yake wamemuua!"

"Alimgusa."

"Nini?"

"Walimletea. Wakampa chai na mkate, wakamwambia haya, mguse. Mimi nani aliniletea?"

Nilipomaliza nikajua nimejichoma kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna aliyekuwa anajua, hata mama yake.

Basi nikamwambia, kwa ufupi, mikono iko kwenye mboga. Nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu wa kiume minne. Siku wenye mapanga walipopanda kilima chetu huko Burundi, yeye alikuwa kwa shangazi, ng'ambo ya bonde, anaugua surua. Mama alinivuta kutoka uani, viatu vyangu nikaviacha pale nilipokuwa nacheza, nikakimbia pekupeku mpaka mpakani. Nilipotaka kulia aliniziba mdomo kwa kiganja. "Hapa hatulii." Tukafika kambini upande wa Kigoma, habari za bondeni zikatufikia, Mama akasema vilevile: hapa hatulii. Hakuna aliyekaa matanga, hakuna aliyeanua. Mama amekufa hajamtaja tena.

Mtoto alinisikiliza mdomo wazi. Kisha nikamwona anavuta daftari.

"Aliitwa nani?"

Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Jina lake sikupi."

"Kwa nini?"

"Utaliandika. Mwalimu wako atalisoma mbele ya darasa, alipindishe, kisha aseme tufungue dirisha, kama vile hakuna aliyekufa."

"Lakini wewe peke yako ndiye unayelijua. Ukifa je?"

"Litakufa na mwenye nalo. Nenda nyumbani, mama yako anakusubiri."

Aliondoka bila kuniaga na akasahau kitabu mezani. Nilikigeuza kifudifudi nikatua sufuria ya moto juu yake. Kilikuwa cha maktaba. Alama ya duara haikutoka, na sijutii. Yule msichana ana kaburi la kaka yake, ana sweta lake kabatini, ana picha, na jina lake limechapwa kila ukurasa. Mtu yeyote kwenye treni ya Hallunda anaweza kulitamka huku anatafuna chingamu. Mimi nina neno moja tu. Nalisema kila nikipanga viatu, polepole, mdomo umefungwa. Nikimgawia mtu, nitabaki na nini?

Jumamosi iliyofuata, saa saba mchana, kengele ikalia. Mjukuu wangu, na mfuko wa mikate ya mayai na chupa ya chai. Nyuma yake mama Mkongo, na nyuma ya mama Mkongo yule mjane wa Kitanzania tunayesali naye. Mtoto hakusalimia. Alichukua taulo akafunika kioo cha ukumbini, akapanda kiti akatoa betri kwenye saa ya ukutani.

"Unafanya nini?"

"Matanga."

"Matanga ya kitabu hayo!"

"Basi nionyeshe ya kwetu, mormor. Ya kwetu siyajui. Hukunifundisha."

Mama Mkongo akajipenyeza mezani. "Ee mama, mie nimekuya juu ya mayai. Kama maiti haiko, tukule tu, tutalia kesho."

"Keti, wewe na njaa yako," nikamwambia.

Tukala. Chai ikazunguka. Mjane akafuta midomo, akasema kwenye matanga marehemu husemwa, sasa huyu alikuwa mtoto wa namna gani? Nilidhani sitajibu.

"Mwizi wa chumvi," nikasema. "Anaiba bonge zima la chumvi, anaficha kwapani. Jua likiwaka, bonge linayeyuka kwa jasho. Mama akimkuta, amekaa nyuma ya nyumba anajilamba kama mbuzi."

Mama Mkongo alimwaga chai kifuani. Mjane aliinama akashika mbavu. Na mjukuu wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nikayatazama yale machozi yakishuka, nikasema moyoni: haya ni ya wangu. Yule wa Ayalandi leo hapati hata tone.

Lakini utamu wake haukukaa. Niliwaona wanarudia, "kama mbuzi, kama mbuzi," na wivu ukanigeukia kutoka upande mwingine. Kesho mama Mkongo atalisimulia kwenye lifti kama la kwao. Chumvi nimeshaitoa, hairudi.

Mjane akasimama, akakunja mikono. "Tumwombee. Tumtaje kwa jina gani, mama?"

Saa haikuwa na mlio. Nilimtazama mjukuu wangu nikitafuta kalamu, na safari hii hakuwa nayo. Mikono yake ilikuwa imelala mezani, mitupu, ina makombo ya mkate. Hiyo iliniuma kuliko kalamu. Jina lilipanda likafika nyuma ya meno, nikalionja, lina miaka minne vilevile. Nikaushika mkono wake nikaubana.

"Jina lake sikupi."