Kidole Gumba cha Fundi Cherehani

Kwenye kikundi chetu cha wapenda picha, fundi cherehani hakosoi kabla hajasifu. "Mwanga umekaa vizuri, dada yangu," ataniambia, futi yake ikining'inia shingoni, kisha kidole gumba kinaanza kufunika vilivyozidi kwenye picha yangu: nguzo, ndoo, mguu wa jirani. "Hapa tupunguze. Na hapa." Ndege niliyempiga picha alibaki mdomo tu, na kweli akapendeza kuliko alivyokuwa mzima. Jumamosi iliyopita fundi alileta picha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, kuku wake akijigaragaza mavumbini. Kila mtu alisubiri zamu ya kulipiza. Fundi akakohoa, akafunika banda, akafunika ukuta, akaongeza kiganja, hadi kuku mzima akapotea chini ya mkono. "Mwanga," akasema kwa sauti ndogo, "umekaa vizuri."