Shangazi Evarista na Gesi ya Lumbesa

Shangazi yangu Evarista alikuwa na mdomo mkali, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mzani wa chuma alioupenda kuliko alivyowahi kumpenda mume wake. Mume alikwenda Mtera kuvua samaki, akavuliwa yeye na mwanamke wa huko. Mzani ukabaki. "Huu ukinidanganya," alisema, "naurekebisha kwa bisibisi."

Mzani huo ulikuwa wa shirika. Shangazi alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, kujaza mitungi ya gesi kwenye shirika la umma, mpaka siku walipoambiwa shirika limeuzwa na wao wamepunguzwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua viwanja na mashine za kusaga. Yeye alinunua mzani uliokuwa umetupwa stoo, mpira mrefu wa kupitishia gesi na koki zake, akapanda treni kurudi kwetu Dodoma. Tulikaa pembeni mwa mji, upande wa kwenda Hombolo. Ilikuwa miaka ya soko huria. Kila mtu alikuwa anauza kitu, na wasiokuwa na kitu walikuwa wanauza maneno. Shangazi akauza gesi.

Gesi ilikuja kwa treni ndani ya mitungi mikubwa. Wateja wake walikuwa watumishi wa serikali waliohamishiwa Dodoma bila kujua kuwasha kuni, na nyumba za wageni zinazopokea watu wa bungeni. Hao walikuwa na mitungi midogo. Kazi ya shangazi ilikuwa kuihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kuingia mdogo, uani, pasipo paa, nyuma ya uzio wa minyaa.

Mtungi mkubwa aliupindua kichwa chini juu ya kichanja cha mbao, akauacha upate jua jepesi la asubuhi. Mdogo aliuweka kivulini juu ya mzani, akaufunika gunia bichi. Gesi ikatiririka yenyewe, bila pampu. "Gesi ni kama watumishi wa serikali," alisema. "Ikisikia joto inakimbilia kivulini." Kwenye maungio ya mpira alipaka povu la sabuni. Povu likivimba, hapo panavuja, anakaza. Moto haukuruhusiwa hata wa kuwashia kibatari kwa jirani. Katekista alikuja siku moja na sigara mdomoni, akaanza kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama..." Shangazi akamwambia, "Zima kwanza. Tutasalimiana ukiwa hai."

Mzani ukifika alama, anafunga koki. Na alama yenyewe ilikuwa kabla mtungi haujajaa. Sehemu kama moja kati ya tano aliiacha tupu kila mara, na hapo ndipo ugomvi wake na Dodoma ulipoanzia.

Maana sisi huku hatujazoea kununua kitu kisichojaa. Mahindi tunapima kwa debe lenye kichuguu juu. Gunia la vitunguu bila lumbesa ile ya kushonewa kamba juu, mtu anakuona mwizi. Basi mteja akipewa mtungi wake anaunyanyua mpaka sikioni, anautikisa kama kibuyu cha maziwa, anasikia ndani gesi inapigapiga.

"Inacheza," anasema.

"Ndiyo, inacheza," anajibu shangazi.

"Ikicheza haijajaa."

"Mama, hii siyo mtindi. Humo ndani ni maji ya gesi, na yakipata joto yanavimba. Lazima yapate pa kuvimbia. Wewe ukila ugali mpaka hapa kooni, halafu nikuvalishe sketi uliyoolewa nayo, utapumulia wapi?"

Mteja anaondoka amenuna, kwa ajili ya gesi na kwa ajili ya sketi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Methusela. Alikuwa anauza viatu vya mitumba, kijana mwenye tabasamu zuri na viatu ambavyo mara nyingi vilikuwa vya mguu mmoja. Mwezi mzima alichungulia kwenye minyaa yetu, akidai anamtafuta kuku wake. Mwezi uliofuata akatundika ubao: GESI YA LUMBESA. HAICHEZI. Mpira alikuwa nao, koki alikuwa nazo. Mzani hakuwa nao. Alijaza mpaka gesi yenyewe ikatae kuingia, kisha anampa mteja atikise. Kimya. Mteja anafurahi kama aliyepewa mtoto wa kiume.

Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja, wengine wakimsalimia shangazi kwa adabu zote huku wamebeba mitungi kumpelekea Methusela. Mnunuzi wa karanga kutoka Mlali akaanza kupita uani kwetu, anauzunguka mzani, anaugonga kwa kidole. Shangazi alimwambia asubiri. Kulikuwa na jambo moja limebaki: parokia yetu ilikuwa inatimiza miaka hamsini, Askofu anakuja, na parokia ilikuwa imejenga hosteli ya wageni. Atakayejaza mtungi wa jubilei ndiye angepewa hosteli mwaka mzima. Shangazi akiikosa hosteli, mzani unakwenda Mlali kupima karanga.

Padre Wambura alikuja Ijumaa na mtungi mkubwa nyuma ya pikapu. Alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mwenye sauti ya kuhubiria hata anapoomba chumvi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Ushushe taratibu, Baba, na usiulaze."

"Evarista, huu nataka ujae kabisa. Ni mtungi wa Askofu."

"Utajaa kwa kipimo."

"Kipimo cha nani? Methusela anajaza mpaka juu."

"Methusela anajaza kama anavyouza viatu. Anayeumia ni mvaaji."

Padre akacheka kidogo, halafu akaacha. "Mungu anapotoa, hatoi kwa mzani."

"Mungu hakai jikoni, Baba."

Akaufungulia. Gesi ikapita, mkono wa mzani ukapanda polepole, padre anautazama, shangazi anautazama. Ulipofika alama, shangazi aliishika koki na hakuifunga. Nilimwona. Aliutazama mtungi, akautazama ule mzani, akatazama ng'ambo ya barabara ambako Methusela alikuwa amekaa kwenye kigoda anatabasamu. Dakika chache tu zaidi, hosteli ni yake.

Akafunga.

Padre hakusubiri kuelezwa. Aliutikisa mtungi palepale juu ya mzani, kwa mikono miwili, ukacheza. Akalipa alichopimiwa, akaupakia pikapu, akavuka barabara.

"Nijazie huu mpaka juu Jumapili asubuhi," tulimsikia akisema, "uwe wa moto moto."

"Utakuwa kimya kama kaburi, Baba," alijibu Methusela.

Jumapili hiyo ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi kali ya kwetu, hata mbuzi wanatamani makoti. Methusela aliushindilia ule mtungi kwenye baridi hiyo, wakaupeleka parokiani. Masista walisema unanuka, hawautaki ndani, basi ukasimamishwa nje, ukutani mwa jiko la mapadre, upande wa mashariki. Chini yake kidogo, kwenye mteremko, kina mama wa parokia walikuwa wamechimba handaki la moto wa kuni na kupanga masufuria ya pilau na supu kwa ajili ya sisi wengine. Mkuu wao alikuwa Mama Generosa, mwanamke mnene mwenye mwiko mrefu kama kasia.

Shangazi alikwenda. Alivaa kitenge chake kizuri. "Nimekosa gesi," alisema, "pilau silikosi."

Misa ikaisha, jua likawa limepanda. Julai ya Dodoma ndivyo ilivyo, asubuhi unatetemeka na mchana unaungua. Askofu alikuwa anahutubia kwa kipaza sauti pale mbele. Sisi tulikaa nyuma, karibu na masufuria, kama watu wenye akili.

Mtungi ukaanza kulia. Kwanza taratibu, kama mtu anayemwita paka, halafu kwa nguvu. Kichwani pake ukatoka ukungu mweupe. Haukupanda juu kama moshi. Ulishuka ukutani, ukatambaa chini, ukaanza kufuata mteremko kuelekea kwenye handaki la moto.

Shangazi aliinuka. Sijawahi kuuona ule mguu mfupi ukienda haraka namna ile. Methusela alikuwa amefika kabla yake, anazungusha koki na jasho linamtoka.

"Shangazi, nimefunga, mbona inatoka?"

"Haitoki kwenye koki. Hiyo ni vali ya usalama. Umeushindilia kwenye baridi, sasa jua limepiga, umekosa pa kuvimbia. Toka hapo. Watoe watu, uwapeleke kule upepo unakotoka. Na usipige kelele."

Yeye akashuka kwenye moto. Maji hayakuwepo. Bomba lilikatika tangu Alhamisi, kama kawaida ya bomba likisikia kuna sherehe. Akashika sufuria la supu kwa kitenge chake kizuri na kulimwaga lote handakini.

"Evarista," alisema Mama Generosa, "hiyo ni supu ya mbuzi wawili."

"Fukia huko kwako. Udongo, haraka."

"Na pilau?"

"Generosa, ukitaka kufa na pilau, kufa nalo. Sisi tufukie."

Kina mama wakautazama ule ukungu unaokuja, wakaacha kubishana. Walisukuma udongo kwa mifuniko, kwa miguu, kwa mwiko wa Generosa. Udongo mwekundu ukaingia handakini, na mwingine ukaingia kwenye pilau lililokuwa wazi. Moto wa mwisho ukafa ukiwa unafuka.

Ulibaki mtungi wenyewe, bado unalia juani. Kimiminika kilichobaki parokia nzima kilikuwa madebe ya divai ya zabibu za Hombolo, yaliyopangwa kivulini kwa ajili ya meza kuu. Shangazi akamwambia Methusela ayalete. Wakasimama upande wa upepo, wakaumwagia mtungi mbavuni debe moja, la pili, la tatu. Padre Wambura alifika wakati wa debe la nne. Divai ikamwagika, mtungi ukapoa. Sauti ikapungua. Vali ikajifunga yenyewe, tap, na ukungu ukachukuliwa na upepo kwenda porini.

Pale mbele Askofu alikuwa anamalizia hotuba. Alidhani ni kipaza sauti kilichokuwa kinalia.

Basi. Hakuna kilicholipuka, na hilo ndilo lililomponza shangazi. Watu walirudi mmoja mmoja, wakautazama mtungi uliotulia unanuka divai, wakatazama supu handakini.

"Sasa huo mlipuko uko wapi?" aliuliza mmoja.

"Wivu tu," alisema Mama Generosa. "Kanyimwa hosteli, kaja kumwaga supu ya watu."

Tulikula pilau lenye mchanga. Padre alilitafuna kwa uangalifu, hakumtazama mtu. Jioni hiyo hiyo tukasikia hosteli itapika kwa mkaa.

Jumatatu mnunuzi wa karanga alikuja na mkokoteni. Shangazi hakubishana naye. Aliufuta mzani kwa kanga, akauzungukia mara moja, akamwambia aje na mtu wa kumsaidia kunyanyua. Mnunuzi alikuwa bado anamtafuta huyo mtu wakati Methusela aliposukuma geti kwa mgongo. Alikuwa anavuta toroli limejaa mitungi, kila mmoja umefunikwa nguo mbichi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umepata kuku wako?"

"Hii niliijaza wiki iliyopita. Wateja hawajaichukua. Nimelala kwa mjomba, siwezi kulala nayo." Akaegesha toroli kivulini bila kuambiwa. "Na mingine iko majumbani mwa watu. Nikienda kuwaambia ipunguzwe watanipiga."

"Watakupiga, ndiyo."

"Sasa nifanyeje?"

 Shangazi akaenda kwenye kichanja, akatoa mtungi mtupu, akaloweka gunia.

"Huu wa kwanza lete hapa. Tutatoa kilichozidi, tuone umeiba nafasi kiasi gani. Halafu mchana tunakwenda majumbani wote wawili. Wewe unaongea, maana una tabasamu. Mimi napima. Na watakaotaka kujaza tena utawaleta hapa, au utarudi kwenye viatu."

"Watasema ni pungufu."

"Waseme. Wana pengine pa kwenda?"

Methusela akaunyanyua mtungi kwa mikono miwili, taratibu kama amebeba mayai, akauweka. Mkono wa mzani ukaruka ukapita alama mbali kabisa. Shangazi akapaka povu, akakaza, akafungua koki, wakainama wote wawili kuangalia.

Mnunuzi wa karanga akarudi na mtu wake wa kunyanyua, akasimama getini.

"Mama, kwani huuzi tena?"

"Si unaona kuna mtungi juu yake," alisema shangazi, wala hakugeuka. "Na hiyo sigara ya mwenzako, aizime huko huko nje."