Vitambaa vya Kufuma Bafuni

Mpaka leo nikiona kitambaa cha kufuma kimetandazwa juu ya kitu, nasikia kichefuchefu. Baba mdogo alirudi kutoka Uarabuni na hita ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga, akaifunga bafuni kwake Kimara, nilikokuwa nikiishi. Mama mdogo akaiona mbaya, akataka ifichwe ndani ya kabati. Seremala, mtu makini, alimwambia kabati liwe na matundu chini na juu ili hita ipate hewa, na mbao zikae mbali na dohani, lile bomba la kutolea moshi nje. Akalijenga hivyo hivyo.

Wageni wa posa ya binti yao walipokaribia, mama mdogo akaona yale matundu ni aibu. Nyumba ile redio, friji, hata jagi la maji vilivaa vitambaa; basi na kabati nalo likavalishwa, matundu yote yakafunikwa. Kule nje akaliziba bomba kwa matambara, eti mijusi wanaingia.

Siku ya posa niliingia kuoga nikatoka natambaa, kichwa kinapasuka, nikatapika sebuleni mbele ya mshenga. Nilipopata nguvu nilifungua kabati: masizi kila mahali, na uvundo wa matambara yaliyobabuka. Nikavibandua vitambaa vyote, nikalizibua bomba, nikamwambia mama mdogo kwamba ningekufa kwa sumu ya moshi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Lakini mbele ya mshenga, jamani?"

Jumapili iliyofuata niliingia tena bafuni. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa, vimepigwa wanga na pasi, vimerudi palepale.