Mfereji wa Upande wa Mbele

Kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu ya Bondeni, mjini Nakuru, karibu na baraza, kuna kipande cha bomba la chuma kilichotokeza kama urefu wa kidole na kuzibwa mdomo. Wajukuu hutundika mifuko yao ya shule hapo. Mgeni akiuliza ni cha nini, huambiwa amuulize bibi. Bibi ni mimi, na mpaka leo nikikitazama kipande hicho hasira hunipanda upya, kwa hiyo anayeuliza ajue atakaa hapo kwa muda.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia Gilgil, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu alikuwa fundi wa reli na kazi ndiyo iliyotupeleka kule. Tulipewa chumba cha mabati ambacho upepo uliingia utakavyo, na cha kuchemshia maji nilikuwa na birika moja na jiko la makaa. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini, na asubuhi na jioni huogeshwa maji ya moto, ya moto hasa, akakandwa tumbo, kiuno na miguu mpaka mwili urudi. Mimi niliogea vuguvugu, peke yangu, nikiwa nimechuchumaa kwenye karai. Siku ya kumi homa ikanishika. Maziwa yakakauka, mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo, na mimi nikalala miezi miwili watu wakinitazama kama wanaoniaga.

Mume wangu aliyaona yote hayo. Sitasema hakuumia. Tuliporudi Nakuru kwa mama yake na nikapata mimba ya pili, aliapa mbele yetu sote: "Safari hii utaoga maji ya moto mpaka useme basi."

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Mbele baraza, kisha sebule, katikati vyumba, nyuma ua wa wanawake. Kwenye ua kulikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda pipa lililowekwa juu ya mawe, chini yake kuni za muwati. Moshi wake uliwatoa watu machozi, na mama mkwe alikohoa mwaka mzima. Lakini kutoka kwenye lile pipa hadi bafu letu la mabati ilikuwa hatua tatu. Mama mkwe alichota kwa kata, akageuka, akamwaga. Maji hayakupata nafasi ya kupoa.

Mume wangu alilivunja banda lile siku moja tu, akiimba. Pipa akalichukua, akalisafisha kutu, akalilaza juu ya tanuri la matofali lenye mlango wa chuma na bomba la kutolea moshi. Juu ya paa akaweka tangi la maji baridi, na bomba jembamba la kupumulia mvuke, ili pipa lisije likapasuka. Alijua kazi yake, siwezi kumdhulumu. Miezi miwili, kila Jumapili, alikata bomba, akafunga, akafungua, akafunga tena.

Na hakufanya peke yake. Ilikuwa miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, na wanaume wengi waliona afadhali kukaa kwenye baraza ya mtu kuliko kuzurura mjini wakasimamishwa na askari. Baraza yetu ilijaa washauri. Wakanywa chai niliyowapikia na tumbo langu lile mbele, wakabishana juu ya kona na mteremko wa bomba. Watu sita wazima! Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji haya anaogea nani, na anaogea wapi.

Mimi niliuliza. Niliona wanachimba upande wa mbele nikamwambia, "Mbona huko?"

"Huku ndiko maji ya mji yanakoingilia," akasema. "Wewe ngoja tu, utaona."

Nikaona. Alipomaliza, mfereji wa maji ya moto, ule wa kufungua na kufunga kwa mkono, ulitokea katika bafu la mbele, lile la kando ya baraza, ambalo wageni wanaume hutilia udhu. Tanuri lenyewe liliegemea ukuta wa sebule, kwa hiyo sebule ikawa na joto zuri kama yai chini ya kuku. Chumba changu kilikuwa kule nyuma, baridi kama zamani.

Watu huniuliza ilikuwaje mtu mwenye akili asione jambo hilo. Aone vipi? Tangu apate akili, kila mzazi alipoingia arobaini, yeye na baba yake walifukuzwa uani mpaka shughuli iishe. Humu nyumbani hakuwahi kuona mzazi anaogeshwa vipi, anakaa wapi, maji yanatoka wapi. Kwake yeye, maji yakishakuwa moto nyumbani, yamekuwa moto kwa kila mtu. Na sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kungoja tuone.

Binti yangu wa pili alizaliwa mwezi wa saba, baridi ya Nakuru imekaza na ukungu wa Menengai umeshuka mpaka kwenye mabati. Mzazi hapiti mbele za wanaume, wala maji yake hayapitishwi mbele yao, na sebuleni kulikuwa na wanaume kutwa. Basi mama mkwe, mtu wa miaka sitini na zaidi, akawa anachota ndoo mbili bafu la mbele, anazunguka nyumba nzima kwa nje, upepo unampiga, mpaka ua wa nyuma. Maji yakinifikia yalikuwa vuguvugu. Vuguvugu! Gilgil ilinifuata mpaka Bondeni. Na pipa la uani la kuyachemsha tena halikuwepo, lilikuwa limepewa cheo kule mbele.

Nilimwambia mume wangu kupitia mlangoni. Akasema anangojea kona mbili za chuma, mwezi ujao ataongeza bomba.

"Mwezi ujao nitakuwa nimeshatoka arobaini," nikamwambia.

"Vumilia kidogo," akasema, akaenda kukaa na wenzake kwenye joto.

Kuta za nyumba zilikuwa nyembamba. Nilikuwa nimelala, kiuno kinaniuma, mtoto kifuani, nikamsikia mmoja wao akisema, "Mashallah, siku hizi kutia udhu hapa ni starehe." Wakacheka wote. Nililia kwa hasira mpaka leso ikalowa. Nilikuwa nimeanza kuhisi baridi mgongoni, baridi ile ile niliyoijua, na kila saa nilijibonyeza titi nione kama maziwa bado yapo.

Siku ya kumi na saba, baada ya swala ya alasiri, nilimsikia mama mkwe akija na ndoo zake kwa mwendo ule wa kuburuta. Kisha nikasikia kishindo. Aliteleza kwenye kona ya kwanza ya nyumba, maji yangali moto, ndoo moja ikamwagikia mguuni. Nilitoka nikamkuta ameketi kwenye tope, ngozi ya mguu imeanza kuinuka. Hakupiga kelele. Alinitazama akasema, "Yamemwagika maji yako, mwanangu."

Ni hilo lililonimaliza. Angelia, labda ningelia naye. Nilimkokota mpaka uani, nikautia mguu wake kwenye karai la maji baridi, nikamwekea mtoto mapajani. Nikajifunga leso mbili, nikavaa buibui juu, nikachukua kata yangu. Sikuzunguka kwa nje. Nilipita sebuleni.

Walikuwa sita na vikombe vyao vya kahawa. Mmoja aliinua miguu nipite. Mume wangu aliweka kikombe chake chini. Nikaingia bafu la mbele, nikatia komeo, nikafungua mfereji.

Maji yalikuwa moto. Kazi yake ilikuwa nzuri, jambo hilo nalo liliniudhi. Nilijimwagia mgongoni, nikajikanda kiuno na tumbo mwenyewe, nikatetemeka, nikajimwagia tena, mpaka mifupa ikalegea. Adhana ya magharibi ilikaribia na mtu akagonga mlango.

"Nani humo?"

"Mwenye maji," nikajibu, na nikaendelea kuchota mpaka mfereji ukatoa maji baridi.

Nilipotoka, sebule ilikuwa tupu na vikombe vimeachwa nusu. Nilimkuta mume wangu uani, amechuchumaa mbele ya mama yake, anautazama ule mguu kwenye karai. Kisha akainua kichwa akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu siku alipoapa, "Ulitaka yafike wapi?"

Nilimpeleka ndani ya bafu la nyuma. Nikamwonyesha msumari ninapotundika leso, jiwe anapokaa mama yake akinikanda, na mahali ninapokaa mimi. "Hapa," nikamwambia. Akapiga magoti akapima kwa kamba.

Hakungojea kona za chuma. Kesho yake alikwenda kuazima, akang'oa mfereji wa mbele, na siku ya ishirini na moja maji ya moto yalifika uani. Maziwa yangu hayakukauka. Mama mkwe alinikanda akiwa ameunyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa, na kovu lile alizikwa nalo.

Kile kipande kilichobaki ukutani mume wangu alitaka kukikata na kupaka chokaa, isijulikane kulikuwa na kitu. Alikwishashika msumeno. Nilimwambia auweke chini.