Rangi Kumi na Moja za Mwili

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Bi Kucha, basi, kwa sababu kucha zake kumi zilikuwa na rangi kumi, na hakuwahi kununua rangi ya kucha maishani mwake. Kidole gumba cha kulia kilikuwa buluu ya sare za shule, cha shahada kijani, na kile kidogo cha mwisho, mumewe alikuwa akisema, kilikuwa na rangi ambayo Mungu mwenyewe alikuwa bado hajaamua aiite nini.

Kazi yake ilikuwa kupika rangi za nguo. Aliifanya miaka ishirini na miwili kwenye mapipa ya kiwanda cha nguo, mpaka siku kiwanda kilipofungwa na kila mtu akaambiwa ashike njia yake. Wenzake waliondoka na viti na feni. Yeye aliomba makopo ya unga wa rangi yaliyobaki stoo, akayasukuma kwenye mkokoteni hadi nyumbani, akayapanga kwenye rafu za chumba cha uani. Tangu hapo watu wakawa wanamletea suruali nyeusi zilizochujuka na sweta za shule zilizopauka.

"Nguo haifi," alikuwa akiwaambia. "Inazimia tu."

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Zamani alikuwa akienda kiwandani kuwanyoa wafanyakazi saa ya mapumziko. Siku moja alipita karibu na mapipa akiwa na suruali nyeupe pee, akatokea upande wa pili na suruali ya zambarau. "Nilirudi kesho yake kugomba," alikuwa akiwasimulia wateja wake wembe ukiwa shingoni mwao, "nikaondoka na mke."

Basi, Alhamisi moja asubuhi, Bi Kucha akiwa anakoroga sufuria ya kaki, aliingia mtoto wa kaka yake, binti aliyekuwa fundi cherehani kwa mbunifu mmoja wa mavazi pale mjini. Alikuwa anahema, na mkononi ameshika boksi.

"Shikamoo shangazi. Tumekwisha."

"Marahaba. Mmekwisha wote, au kuna aliyebaki wa kuzika wenzake?"

Binti hakucheka. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza. Mbunifu alikuwa na onyesho lake la kwanza kubwa Jumamosi saa kumi jioni. Alipowaomba mawakala wamletee wanamitindo, walimletea picha za wasichana kumi na wanane, wote weupe au weupeweupe, warefu, mashavu yamebonyea, utadhani wametoka tumbo moja siku moja. Mbunifu akazirudisha picha. Alisema yeye anashona nguo za watu wa mji huu, na mji huu watu wake si wa chungu kimoja. Akatafuta wanamitindo mwenyewe, mmoja mmoja, kwenye foleni za benki, hospitalini, sokoni. Akapata wanawake kumi na mmoja, weusi na weupe na wa katikati, wenye asili za pembe zote za dunia.

"Sasa hapo msiba uko wapi?" aliuliza Bi Kucha.

"Magauni ni ya kitambaa chepesi, shangazi, cheupe, kinaonyesha. Lazima wavae shimizi ndani. Tukaagiza shimizi za rangi ya mwili. Zimefika jana." Akafungua boksi.

Bi Kucha alichomoa moja, akainyanyua dirishani. Ilikuwa nailoni laini, nzuri, rangi ya biskuti iliyoloa maziwa. Akaiangalia, akaangalia mkono wake, akaangalia mkono wa mpwa wake.

"Rangi ya mwili," alisema. "Mwili wa nani?"

"Ndiyo hivyo. Jana tumewavisha. Mmoja alionekana kama amefungwa bandeji kifua kizima. Msimamizi wa onyesho amekuja, ameangalia, na unajua kasema nini? Kasema tuwapunguze. Tubakize wale wanaofanana na shimizi."

Bi Kucha aliacha kukoroga. "Yaani shimizi ndiyo ichague watu?"

"Ndivyo alivyosema. Na mbunifu tangu jana amekaa tu, hali, hasemi. Nikamwambia, mimi nina shangazi."

Sufuria ya kaki ikafurukuta. Bi Kucha alikuwa amepika rangi ya sare, ya mapazia, ya bendera, ya turubai. Ngozi ya mtu hai alikuwa hajawahi kuipika. Tena kumi na moja, kwa siku mbili. Lakini aliinama akazima jiko, akaimwaga kaki yote kwenye mfereji wa uani.

"Waambie waje. Wote. Waje mchana, jua likiwa juu. Na waje bila poda."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Saa saba mchana ua ule mdogo ulijaa wanawake mpaka kinyozi akafunga duka lake, akaja kuangalia kulikoni. Aliwakuta kumi na mmoja wamekaa kwenye mabenchi, mabega wazi kwenye mwanga, kama wanaosubiri chanjo. Mbunifu naye alikuwapo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejikunyata mlangoni na macho mekundu.

Bi Kucha alikuwa amekata shimizi moja ya akiba vipande vyembamba. Alipita kwa mmoja mmoja akiweka kipande cha ile rangi ya biskuti chini ya mtulinga wa kila mtu. Mpwa wake akauliza kwa nini asilinganishe na uso.

"Uso umeshapigwa jua na maisha. Shimizi inakaa hapa, mahali mtu anapojificha."

Alianza na mwalimu wa kuogelea, mwanamke mrefu, mweusi tititi, ngozi inang'aa kama jiwe lililotoka mtoni. Biskuti ikakataa. Akaenda kwa karani wa benki, ambaye babu zake walitoka mashariki ya mbali. Ikakataa. Kwa muuza maua wa rangi ya maji ya kunde, ikakataa. Mwisho akafika kwa muuguzi mweupe kabisa, mwenye nywele nyekundu na vidoa vya jua hadi mabegani. Kila mtu akanyoosha shingo, kwa sababu huyo ndiye waliyedhani shimizi zilishonwa kwa ajili yake.

Kipande kilikaa juu ya bega la muuguzi kama tandabui. Yeye alikuwa wa waridi, chenyewe kilikuwa cha njano.

"Hata mimi si yangu!" alisema muuguzi. "Miaka yote nilidhani ni mimi ndiye nina kasoro."

"Jamani," alisema karani wa benki, "basi huu mwili ni wa nani?"

Wakaanza kumtafuta mwenyewe. Walijaribu kwa kinyozi, juu ya kipara, haikukaa. Walijaribu kwa paka wa jirani. Ni kinyozi ndiye aliyekiweka kipande juu ya lile boksi la karatasi lililokuja na mzigo, akarudi nyuma hatua moja, akavua kofia.

"Marehemu amepatikana," alisema. "Ni boksi."

Walicheka mpaka mwalimu wa kuogelea akashuka kwenye benchi akakaa chini. Mbunifu, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu jana yake, alishikilia mlango asianguke. Na kicheko kile kiliondoa aibu yote uani. Kutoka hapo mabega hayakuwa tena ya wagonjwa wa chanjo.

Kazi ikaanza. Nailoni hupenda maji ya moto na siki, na harufu ya siki ikaenea mtaa mzima. Bi Kucha alikuwa na makopo manne tu ya maana: njano, nyekundu, buluu, na kahawia iliyoganda ambayo ilibidi aisage kwa chupa. Alichota kwa ncha ya kijiko, akakoroga, akazamisha kipande, akakitoa, akakikausha kwa pasi, maana rangi ikiwa mbichi hudanganya, huonekana nzito kuliko ilivyo. Kisha akatoka nacho juani hadi kwenye bega la mwenyewe. "Bado. Huyu ana moto kidogo ndani." Akarudi. Akatoka tena. Mpwa wake aliandika kila kipimo kwenye daftari, na kinyozi alichochea, akikatazwa kila mara asionje.

Kufikia Ijumaa adhuhuri shimizi kumi zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba, kuanzia ya muuguzi, iliyofanana na ndani ya ganda la kome, hadi ya muuza maua. Ilibaki moja, ya mwalimu wa kuogelea.

Yeye alikuwa amekuja mwenyewe baada ya kipindi chake, nywele bado zina maji. Alikaa karibu na jiko.

"Mama, wala usijisumbue," alisema. "Mimi nimezoea. Nimepita majukwaani kwa vibarua miaka sita, kila onyesho wananiweka peke yangu, kama chumvi kwenye mboga. Rangi yangu wakikosa, wananivisha nyeusi, basi."

"Wewe si mweusi wa nyeusi," alijibu Bi Kucha bila kugeuka. "Nyeusi ya kopo ni majivu. Wewe una buluu chini, na juu yake una wekundu. Kaa."

Aliitanguliza buluu, akafuatisha nyekundu na kahawia. Kipande kidogo kilitoka vizuri. Lakini shimizi nzima ilipotumbukia sufuriani ilinywa rangi kwa pupa, na ilipotolewa haikuwa ngozi tena. Ilikuwa bilingani. Bilingani tupu, iliyoiva.

Na shimizi ya akiba ilishakatwa vipande.

Mpwa aliziba mdomo. Kinyozi aliinama, akaichunguza: "Hii naijua. Hii ni suruali yangu."

Bi Kucha alicheka, na katika kucheka mkono wake ulikwisha fika kwenye kopo la njano. Zambarau haigombwi, hubembelezwa kwa njano. Hilo alilijua tangu akiwa msichana wa mapipa. Alichota kidogo sana, kiasi cha kushika kwenye ukucha, akachanganya, akairudisha shimizi majini na kuanza kuizungusha polepole, akihesabu kwa sauti ya chini. Bilingani likazama. Ikatoka rangi nyingine, nzito, yenye joto. Wakaikausha. Mwalimu wa kuogelea aliiweka begani mwake, akatoka nayo juani, na shimizi ikapotea. Ulibaki ukingo wake tu.

Alisimama pale uani muda mrefu akiufuatisha ule ukingo kwa kidole.

"Sikujua kwamba inawezekana," alisema.

"Hata mimi," alisema Bi Kucha, na ilikuwa kweli.

Jumamosi wakamvisha Bi Kucha gauni lake la kijani na kumketisha mstari wa mbele, kinyozi pembeni yake amejipulizia manukato ya wateja. Miaka yote ile kiwandani, vitambaa vyake viliondoka kwenye malori na hakuwahi kuviona vimevaliwa. Muziki ulipoanza moyo wake ulikuwa unapiga kama mashine ya zamani. Wakatoka, mmoja baada ya mwingine, kumi na mmoja, magauni meupe yakielea juu yao kama mvuke. Ngozi ilipita chini ya kitambaa ikiwa nzima, haikukatwa na bandeji wala biskuti. Watu ukumbini walivuta viti mbele. Mama mmoja mwenye sura kama ya karani wa benki alimshika binti yake mkono na kunyoosha kidole.

"Kazi yako iko wapi?" alinong'ona kinyozi. "Mbona siioni?"

"Ukiiona, nimeharibu."

Mwalimu wa kuogelea ndiye aliyefunga. Alitembea polepole, kidevu juu, na alipofika mbele ya Bi Kucha alipunguza mwendo na kumkonyeza. Ukumbi ulilipuka.

Pale nyuma ya pazia, msimamizi wa onyesho alikuja mbio, kijasho kinamtoka. Alimwita mbunifu pembeni, akashusha sauti.

"Dada, hili ni onyesho la heshima. Wazee wako pale mbele. Hawa wanawake... mbona hujawavisha kitu ndani?"

Mbunifu alimtazama. Kisha akageuka kwa wenzake akalirudia swali lile kwa sauti, na vigelegele vilivyopigwa pale nyuma vilisikika hadi barabarani. Muuguzi alivuta mkanda wa shimizi yake begani, akauachia, ukalia *pwa* mbele ya macho ya msimamizi. Baadaye, ni haki kusema, bwana yule alikwenda mwenyewe kwa Bi Kucha, akamwamkia kwa adabu, na kuomba kuonyeshwa zilivyopikwa.

Shimizi hazikurudi. Kila mwanamke aliondoka na yake ameivaa. Wiki iliyofuata wakaanza kuja wengine uani, mmoja anataka soksi ndefu, mwingine nguo ya kucheza dansi, dada watatu wa baba mmoja na rangi tatu wanataka za harusi. Kinyozi alipewa kazi ya kubandika karatasi kwenye chupa za vipimo, na hakuna chupa iliyopona: *Asali ya Saa Nne*, *Karani*, *Mkwe Mwenye Hasira*.

Siku moja akaja mzee aliyewahi kuwa mgawa barua. Alikunja suruali taratibu, akaonyesha mguu wa bandia aliopewa hospitalini miaka tisa nyuma. Ulikuwa wa waridi, na yeye mweusi kama kahawa.

"Unaweza kuupikia soksi?" aliuliza. "Nimechoka kutembea na mguu wa mtu."

Bi Kucha alimweka juani, akamshika goti la upande wa pili, akalitazama kwa makini. Jumapili mgawa barua alionekana sokoni kwa kaptula, asubuhi yote, hana alichokuja kununua.