Honi ya Nabii Zablon

Koleta Masolwa alijifunza umeme wa magari kwa hasira. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mke wa dereva wa lori aitwaye Raymundi, siku lori lilipowazimikia karibu na Bukene wakiwa na shehena ya mpunga na mvua ikinyesha. Raymundi aliyapiga mateke matairi, akamtukana aliyeliunda lori, kisha akamtukana mama mkwe wake ambaye hakuwepo. Siku mbili walikula mihogo ya kuchoma. Siku ya tatu akapita fundi mzee na baiskeli yake, akafungua boneti, akachomoa soketi ndogo iliyojaa kutu ya kijani, akaisugua kwa mswaki, akairudisha. Lori likawaka. Koleta akaitazama ile soketi, akamtazama na mumewe, akajua kati ya viwili hivyo ni kipi kinachotengenezeka.

Sasa ana miaka hamsini na moja, na banda lake la ufundi liko mtaa wa Kanyenye, nyuma ya duka la vipuri. Raymundi alishaoa kwingine. Koleta hamsemi vibaya mpaka aulizwe, na akiulizwa hafichi kitu. Mafundi wa mabanda ya jirani humletea magari yaliyowashinda. Wao taa ikigoma hubadili taa, kisha fyuzi, kisha waya, mpaka mwenye gari naye anabadili fundi. Koleta huanza na soketi.

Basi mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha, akaletewa gari la Nabii Zablon likivutwa kwa kamba.

Zablon alikuwa na kanisa lake la mabati njia ya Ntalikwa, na alikuwa na gari aina ya Noah ambayo, kama safina ya mwenye jina hilo, ilibeba kila kiumbe: wanakwaya, spika, na mbuzi wa sadaka. Alikuwa ameifungia honi ya lori ili watu wajue nani anapita. Haikupita miezi miwili, honi ikaanza kulia yenyewe kila watu fulani walipokaa siti ya nyuma. Mwingine angetafuta fundi. Zablon alitangaza kwamba tarumbeta imeshuka kuwaumbua wenye dhambi za siri. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, waumini walipandishwa siti ya nyuma mmoja mmoja, na aliyeliliwa na honi alishuka akitubu mbele ya wote. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wenye dhambi wote walikuwa wanene.

Jirani yake Koleta, Yustina, muuza maandazi na sauti ya kwanza ya kwaya, alikuwa mnene kwa furaha kabisa. Alipokaa, honi ililia mpaka mbwa wakaitika. Akatubu kwamba huchanganya unga wa muhogo kwenye maandazi na hajawahi kumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakuimba tena, na asubuhi alikaanga maandazi mlango umefungwa.

Kisha honi ikazidi. Zablon alitoka nayo Nzega ikilia njia nzima bila mwenye dhambi yeyote garini, akiwa peke yake kwenye usukani, mpaka betri ikafa.

Alipofika bandani alisimama akisubiri kuamkiwa, maana ndivyo alivyozoea. Koleta naye akasubiri, akifuta spana. Mwisho Zablon, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, akasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," Koleta akajibu, akaingia kazini.

Alifungua waya wa hasi wa betri, akainua zulia la nyuma, na harufu ikamwambia mambo mengi kabla ya macho. Akapangusa kitu kwa kitambaa, akarudisha zulia, akafunga betri ya kuazima, akamwomba Zablon akae siti ya nyuma kidogo amsaidie kupima. Zablon hakuwa amewahi kukaa nyuma katika gari lake. Nabii hukaa mbele. Na mwili wake haukuwa mdogo.

Akakaa. Honi ikapasua Kanyenye nzima.

Mafundi wakatoka mabandani na spana mikononi. Habari za tarumbeta walikuwa wanazijua, maana mjini hapa habari haihitaji gari. Mmoja akauliza kwa heshima zote nabii angependa kuanza na dhambi ipi.

Koleta alipotosheka ndipo alipolitoa zulia lote. Soketi ya honi ilikuwa imelala kwenye kidimbwi cha mkojo wa mbuzi. Akamweleza kwamba mkojo una chumvi, kwamba umeziunganisha pini mbili zisizopaswa kugusana, na kwamba mtu mzito akikaa, zulia hubana na majimaji huingia kwenye soketi, na siku ya Nzega yalikuwa yameshajaa hata bila mtu kukaa.

Zablon akamvuta pembeni. Akamnong'oneza kwamba kondoo wake wameanza kuishi vizuri kwa sababu ya ile honi, je, hawezi kusafisha nusu tu?

"Mimi naondoa kutu," Koleta akasema. "Wa kuifuga mtafute mwingine."

Akabonyeza kishikio cha soketi na kuichomoa kwa kushika plastiki yake, si kwa kuvuta waya kama wafanyavyo wenye haraka. Akapuliza dawa ya kusafishia, akasugua pini kwa mswaki mlaini, akapuliza upepo mpaka ikakauka. Akabadili mpira wake wa kuzibia uliochakaa, akaupaka grisi nyeupe inayozuia maji, akaisukuma soketi mpaka ikalia *ka*. Kisha akaifunga juu, mbali na mbuzi.

Jioni hiyo alikwenda kwa Yustina kabla hata ya kunawa. Yustina alisikiliza, akauliza mara mbili ni mnyama gani, kisha akacheka mpaka akakalia gunia la unga. Halafu akalia kidogo.

"Lakini muhogo ni kweli naweka," akasema.

"Kila mtu anajua," Koleta akamwambia. "Ndiyo maana yanashibisha."

Yustina hakuwa anajua kwamba wanajua. Asubuhi alifungua mlango.

Zablon naye hakuzama. Jumapili alitangaza kwamba tarumbeta imemaliza kazi, kwa kuwa kundi lote sasa ni safi. Wanene waliitikia amina kwa nguvu kuliko wote. Yustina alirudi kwenye kwaya kwa sababu anapenda kuimba, na kwa sababu, alisema, Mungu hajawahi kuendesha Noah. Alimwalika Koleta aje kumsikia. Koleta, ambaye mara ya mwisho aliingia kanisani siku ya kufunga ndoa na hakuona faida yake, alivaa gauni la bluu akaenda. Alikaa benchi la mwisho, akasikiliza nyimbo tatu macho yamemlowa bila kujua kwa nini, na akaondoka kabla ya mahubiri.